Somo la Wanyama Tulianzie Kwenye Falaj



Najua baadhi yenu mtauliza: huyu si wa uhandisi wa maji, zuolojia imemhusu nini? Swali la haki. Kila likizo nikirudi kwetu Dima wa Tayyin huwa nawasaidia watoto wa jamaa na majirani masomo ya sayansi jioni, na safari hii waliniletea kitabu cha wanyama. Mimi na wanyama tunajuana kwa mbali, lakini maji nayajua, na kule kwetu huwezi kufundisha kimoja ukaacha kingine. Ninayoyaandika hapa ni somo nililolipanga kwa ajili yao, pamoja na mifano michache ya Afrika Mashariki ambayo kila mwalimu, na khasa kila mhandisi, angepaswa kuijua.

Hebu tuangalie kwanza somo hili linavyofundishwa mahali pengi. Mtoto anapewa orodha: wenye uti wa mgongo na wasio nao, wanaonyonyesha, ndege, reptilia, amfibia, samaki. Kisha anapewa picha ya samaki yenye mishale, andika hapa pezi, hapa matamvua. Anaandika, anapata tisini kwa mia, anatoka nje, anaokota jiwe na kumrushia chura. Wala hajakosea katika mtihani, kwani mtihani haukumuuliza chura anafanya nini pale.

Wengine wakaona dawa yake ni huruma. Ukutani wanabandika tembo, simba na panda, na chini yao maneno "Tuwapende wanyama". Mimi sina ugomvi na panda, lakini mtoto wa Tayyin hatakutana naye maisha yake yote. Anachojifunza pale ni kwamba mnyama wa kuhurumiwa yuko mbali, kwenye televisheni, na huyu aliye mferejini ni uchafu tu. Huruma ya namna hiyo haimgharimu mtu kitu, na ndiyo maana haidumu.

Nadhani mtu humjali mnyama pale anapojua mnyama yule anaishi vipi: anakula nini, anahitaji maji kiasi gani, anajificha wapi jua likiwa kali, na nini kikiondoka naye anaondoka. Mkijua hayo, huna haja ya kumwambia mtu "hurumia". Basi tuanze na aliye karibu.

Wadi zetu za Sharqiyah zina samaki wadogo wa jamii ya Garra. Kila aliyetia miguu katika vidimbwi vya Wadi Bani Khalid anawajua. Wanakuja kukudonoadonoa vidole mpaka ucheke. Mtazame vizuri mmoja wao. Mdomo uko chini, na nyuma ya mdomo pana kitu kama kisahani cha kunata kinachomsaidia kujishikiza kwenye jiwe maji yakienda kasi, huku akikwangua mwani. Hiyo ni kazi ya uhandisi hasa. Mafuriko ya wadi yanabeba gari, na samaki wa urefu wa kidole anabaki kwenye eneo lake. Kiangazi wadi ikikauka, wanaosalia ni wale waliokutwa katika vidimbwi visivyokauka, na mvua ikirudi ndio wanaoijaza wadi upya. Kwa hiyo kidimbwi kimoja kidogo chini ya mwamba, ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa pampu ya maji mchana mmoja, huenda ndiyo akiba yote ya samaki wa maili nzima ya wadi.

Na kama watoto wanadhani samaki huyu ni wa kawaida mno, waambieni habari za ndugu zake wa pango la Al Hoota, karibu na Al Hamra upande wa Dakhiliyah. Mle gizani wapo Garra ambao wakiwa wachanga wana macho, na wanavyokua macho yanadidimia na kufunikwa na ngozi. Watoto wangu walipolisikia hilo, maswali yalimiminika kwa nusu saa: kwa nini yaondoke, jicho linagharimu nini, je ukimtoa nje atapata macho? Hapo somo la zuolojia limeshaanza lenyewe na hakuna aliyetaja neno uainishaji.

Sasa nieleze kazi tulizofanya, kwa mpangilio wake.

Siku ya kwanza hakuna jina la mnyama yeyote. Wanakaa kivulini kando ya maji dakika thelathini, kimya, kila mmoja na daftari, na wanaandika mnyama anafanya nini. Si "niliona chura", bali "alikaa bila kusogea, nzi alipotua aligeuka, hakumfuata". Dakika kumi za mwanzo ni taabu tupu. Baada ya hapo utaona shingo zinanyooka.

Siku ya pili ni hesabu, na hapa ndipo nilipofurahi mwenyewe. Mwulize mtoto: samaki wangapi wamo kidimbwini? Atasema mia, mwingine elfu. Vipi tujue bila kuwatoa wote? Wataalamu wana njia ya zamani: unakamata kadhaa, unawatia alama, unawaachia, halafu unakamata tena na kuangalia wangapi wana alama. Samaki wenyewe hatukuwagusa, maana watoto kumi wenye hamu ni msiba kwa samaki. Tulitumia kokwa za tende, ambazo kwetu hazikosekani. Ndoo ya kokwa, chota 40, zipake rangi, zirudishe, changanya sawasawa. Chota tena 50. Ukikuta 10 zina rangi, maana yake ulizozipaka ni moja ya tano ya zote. Basi zote ni kama 200. Wakazimwaga na kuhesabu moja moja kuhakikisha, na ukubali usikubali, hawakusimama mpaka wamejua kwa nini hesabu yao ilipishana kidogo na ukweli. Kisha maswali mazito: je, kama samaki aliyekamatwa mara moja ameshajifunza kukimbia? Je, kama wengine wametoka na kuingia? Mtoto wa miaka kumi na nne anayeuliza hivyo ameshafika mahali ambapo baadhi yetu tulifika chuoni.

Siku ya tatu ni maji yenyewe, na hili somo ni langu, niacheni nitambe kidogo. Pima upana wa mfereji wa falaj, pima kina, halafu dondosha ganda la chungwa na uhesabu sekunde linazotumia kwenda mita tano. Tuseme upana ni sentimita 40, kina sentimita 20, na ganda limekwenda mita tano kwa sekunde kumi, yaani nusu mita kwa sekunde. Zidisha: 0.4 mara 0.2 mara 0.5, unapata mita za ujazo 0.04 kwa sekunde, ambayo ni lita 40. Hesabu hiyo inazidisha kidogo, kwa sababu maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini yanayosuguana na sakafu, na watoto wataligundua hilo wakitumia kijiti kinachozama nusu. Sasa wanayo namba. Lita 40 kwa sekunde zinagawanywa vipi? Wao wenyewe wanajua, kwa sababu babu zao wamo. Kwanza ya kunywa, msikiti na mahali pa kuoga na kufulia, kisha mashamba, kila mwenye haki na zamu yake iitwayo athar, ya kama nusu saa. Wakili wa falaj anajua athar ya nani inaanza saa ngapi.

Hapo ukauliza: na samaki, athar yake ni ipi?

Kimya. Mmoja akasema samaki anatumia maji bila kuyamaliza, kwa hiyo hana haja ya athar. Mwingine akasema ndiyo, lakini wakifunga maji kabisa siku tatu kusafisha mfereji? Wakabishana hasa, na mimi nikanyamaza. (Kwa Kiswahili neno athari lina maana yake nyingine, tumelichukua hukohuko Uarabuni. Wale wanaojua lugha zote mbili wataona mchezo wake.)

Swali la athar ya mnyama si la kitoto. Tanzania ililiuliza kwa gharama kubwa, na kisa chake nimekiweka somo la nne. Ni kisa cha chura wa Kihansi.

Mto Kihansi unateremka kutoka milima ya Udzungwa kwa maporomoko makubwa. Chini yake, katika korongo, manyunyu ya maporomoko yaliilowesha ardhi mchana na usiku mwaka mzima. Katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, jike lake halifiki sentimita tatu, ambaye hatagi mayai majini kama vyura wengi bali huzaa vichura vilivyokamilika. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa umekwishaanza. Mradi ule ni wa megawati 180, na nchi ilikuwa inauhitaji umeme kwelikweli. Asije mtu akadhani nadharau hilo, mimi nimesoma usiku kwa taa kama nyinyi. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mitambo kuanzia mwisho wa 1999, mtiririko wa maporomoko ulipungua kwa kiasi cha asilimia 90. Manyunyu yakafifia. Ardhi ikaanza kukauka, mimea ikabadilika.

Wahandisi na wanabaiolojia wakaweka mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, ya Bronx ikiwa mojawapo. Mabomba yalisaidia kwa muda, hesabu ya vyura ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Maradhi ya kuvu yanayoua vyura sehemu nyingi za dunia yalikutwa pale korongoni. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wale wa Marekani tu, na wengi wao walikuwa wamekufa huko kabla watunzaji hawajajua wanataka mwanga gani, chakula gani. Mwaka 2010 baadhi ya vizazi vyao walirudishwa kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Tanzania wengi walikicheka kisa hiki: vyura wanapanda ndege na sisi tunagombania daladala! Utani ni haki yetu. Ila mimi nikisoma ripoti za mradi kama mhandisi, naona jambo moja lililo wazi. Chura yule hakuwa siri ngumu. Alikuwa pale, anaonekana, anahesabika. Hakukuwa na mtu aliyeshuka korongoni na daftari kabla ya michoro kukamilika. Laiti angejulikana mapema, kiasi cha maji ya kumwachia kingekuwa namba moja kati ya namba nyingi za mradi, imepangiwa bei yake toka mwanzo. Kwa kuwa alijulikana baadaye, akawa dharura.

Watoto wa Dima wa Tayyin wanalishika hili haraka, kwa sababu maji ya wadi zetu yanateremka kwenda Wadi Dayqah, na huko upande wa Quriyat pana bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, lenye ukuta wa mita 75 na uwezo wa mita za ujazo kama milioni 100. Wameshatembezwa huko na wazazi wao, wamepiga picha. Niliwaambia wachore wadi juu ya bwawa na chini ya bwawa, na waandike kila mnyama waliyemwona wapi anakunywa. Sikuwaambia bwawa ni baya. Bwawa ni maji ya watu. Nilitaka waizoee kalamu ya kuuliza mapema.

Somo la tano linahusu mnyama mwenye jina baya, na hapa tunakwenda Unguja, ambako nusu ya bibi zetu walizaliwa. Kima mwekundu wa Jozani, ambaye hapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja, wenyeji wanamwita kima punju. Jina lenyewe ni hukumu, kwani mpunju ni mtu wa kukutilia sumu. Wakulima walisema akipita shambani miti inaharibika, na kwamba anamaliza nazi changa. Ungewaambia wampende? Wangekuuliza nani atawalipa nazi zao, na wangekuwa na haki.

Watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walifanya jambo la busara: walizihesabu nazi. Utafiti wao ulitoka mwaka 1999. Walilinganisha kiasi cha nazi changa walizokula kima na mavuno ya mwisho ya minazi hiyo, na hawakuona kwamba mavuno yanapungua. Penye kima wengi yalielekea hata kuongezeka kidogo, kama vile mti umepunguziwa mzigo. Maana mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi. Struhsaker na wenzake pia walieleza, mwaka 1997, kwa nini kima hawa wanakula mkaa, tabia ambayo wenyeji walikuwa wakiiona siku zote: majani ya mkungu na mwembe wanayoyala yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa unazinyonya. Mnyama anayeitwa mwenye sumu, kumbe ndiye anayejitibu sumu. Baadaye barabara inayopita Jozani ikawekwa matuta ya kupunguza mwendo, na vifo vya kima wanaogongwa vikapungua. Tuta la barabarani, jamani! Hakuna hotuba iliyowahi kuokoa kima wengi hivyo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Yeye aliaminika kufugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kumwinda pamoja na kusaka uchawi. Hakuna aliyemhesabu kwa wakati wake. Leo wengi wanaamini ametoweka.

Turudi milimani kwetu, kwa mnyama ambaye somo zima lilikuwa linamwendea. Milima ya Hajar ina mbuzi mwitu, wa'al kwa Kiarabu, wataalamu wanamwita tahr wa Arabuni. Yuko Oman na Imarati tu. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Jayakar, daktari wa Kihindi aliyekaa Maskati karne ya 19 na kupeleka vielelezo London, ambako mnyama huyu alielezwa mwaka 1894. Zaidi ya miaka mia moja alihesabiwa ndugu wa tahr wa Himalaya, mpaka mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha ana jenasi yake peke yake, karibu zaidi na kondoo mwitu wa Afrika Kaskazini. Anaishi kwenye majabali ambayo mimi nikiyatazama tu magoti yanalegea. Lakini anahitaji maji, hawezi kama choroa kukaa muda mrefu bila kunywa, na joto likizidi hushuka mpaka kwenye vidimbwi. Pale anakutana na mbuzi wa kufugwa, mbwa, na sisi. Serikali ilianza kumlinda Wadi As Sareen miaka ya 1970. Sasa mtoto aliyepima falaj anaweza kuliona tatizo lake bila kuelezwa: kidimbwi kile kimoja cha chini ya mwamba, mwenye pampu, mwenye mbuzi, Garra na wa'al, wote athar moja.

Mwenye kudhani fahari ya taifa inatosha na asome habari za choroa wa Arabuni. Wa mwisho porini waliuawa mwaka 1972 Jiddat al-Harasis. Walirudishwa mwaka 1982, Waharasi wenyewe wakiwa walinzi wanaomjua kila mnyama, na kufikia 1996 walikuwa karibu 400. Kisha watu wakaanza kuwakamata hai na kuwauza kwa matajiri nje ya nchi. Mwaka 2007 eneo lile likawa la kwanza duniani kuondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia, baada ya hifadhi kupunguzwa kwa asilimia 90. Wimbo wa choroa kila mtu alikuwa anaujua. Aliyekuwa anamjua choroa mwenyewe alikuwa yule mlinzi jangwani.

Kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania hili la kuwatoa wanafunzi nje si geni. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianza 1968, Malihai za Tanzania 1980, na Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots mwaka 1991 na wanafunzi kumi na wawili wa Dar es Salaam. Jina Malihai nalipenda sana, maana linamwambia mtu kwa maneno mawili kwamba ni mali na iko hai. Ninachoongeza mimi ni kipimo: klabu iwe na daftari lake, mwaka baada ya mwaka, kidimbwi kilekile. Safari za basi na fulana za rangi ni nzuri, lakini miaka mitano ya hesabu ya vyura wa kijiji kimoja ina thamani kuliko hizo.

Kwa anayetaka kujaribu likizo ijayo: ndoo, kokwa za tende mia mbili, rangi kidogo, futi kamba, saa, ganda la chungwa na madaftari. Chagueni miezi ya Novemba mpaka Machi, asubuhi. Msivue samaki wala kubeba chura nyumbani. Zungumzeni na wakili wa falaj kabla, mwambieni mnapima nini, na mkimaliza mpelekeeni namba zenu, atafurahi. Na likionekana wingu juu ya mlima, toeni watoto wadini wakati huohuo, hata kama hapo mlipo halijadondoka tone.